Refa Aliyempa Mkewe Kadi Nyekundu

Mtaani walimwita Barafu, na wengi walidhani ni kwa sababu ya kazi yake, maana alikuwa fundi wa friji. Waliowahi kucheza mpira mbele yake walijua sababu nyingine. Kila Jumamosi alikuwa refa wa ligi ya mafundi na wafanyabiashara, na ule uso aliokuwa nao akitoa kadi ungeweza kugandisha maziwa. Alibembelezwa, alitukanwa, aliwahi hata kuletewa kuku hai nyumbani, na hajawahi kufuta kadi. Hilo alilisema mwenyewe, tena mara nyingi, hata pasipokuwa na mtu aliyemuuliza.

Jambo ambalo ligi haikulijua ni kwamba Barafu aliishi na kisukari, kile cha sindano kinachowapata watu wangali wadogo, tangu alipokuwa darasa la sita. Kilianza na kiu. Alikunywa maji ya mtungi, akahamia kwenye ndoo, na siku moja mwalimu akamfuma amejificha nyuma ya darasa anakunywa maji ya kumwagilia maua. Mama yake alidhani ni minyoo. Shangazi yake alidhani ni ujanja wa kukwepa hesabu, kwa kuwa kila kipindi hicho kikianza aliomba ruhusa kwenda chooni. Alipokonda mpaka kaptula ikamteremka akiwa ubaoni, ndipo alipopelekwa hospitali. Daktari akawaeleza wazazi kwamba mwili wa mtoto umeacha kutengeneza insulini na hautaanza tena, kwa hiyo atapewa ya sindano, kila siku, maisha yake yote.

Mama akalia. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akauliza swali moja tu: hiyo dawa inakaa wapi? Akaambiwa inakaa kwenye friji. Wakatazamana, kwa sababu nyumbani hawakuwa na friji.

Baba alitafuta mpaka akapata moja iliyotumika, iliyonguruma usiku kucha kama mzee mwenye kikohozi na kuharibika kila mwezi. Fundi aliitwa mara nyingi kiasi kwamba mwishowe akawa anakuja bila kuitwa, anapewa chai, na watoto wanamwita mjomba. Na kwa kuwa dawa iliyokuwa hatarini ilikuwa ya kijana, kijana ndiye aliyechuchumaa kando ya mjomba kuhakikisha kazi inafanyika sawasawa. Alipomaliza shule alikuwa anaijua mirija ya friji kuliko mito ya nchi yake. Hakuna aliyemuuliza anataka kuwa nani.

Miaka ikapita, akaoa, akapata watoto wawili ambao sasa wako bweni, na kisukari kikawa kama ndugu anayekaa naye nyumba moja: humpendi kila siku, lakini huwezi kupika bila kumhesabu. Asubuhi anatoboa kidole, anatazama mashine inasema nini. Kabla ya chakula anaitazama sahani ya wali jinsi mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anavyotazama kiuno cha mteja, halafu anazungusha kalamu ya insulini kwa kipimo chake, anajidunga tumboni, anakula. Siku nyingine hesabu inakubali. Siku nyingine amekula kilekile, amejidunga kilekile, amefanya kazi ileile, na sukari imepanda au imeshuka kwa sababu zake yenyewe. Hapo Barafu husema kwamba hata friji mpya huamka vibaya.

Watu nao hawakumwacha. Kila aliyemwona na sindano alikuwa na mjomba wake. Kuna wenye mjomba aliyekunywa majani machungu akapona kabisa, na kuna wenye mjomba aliyekatwa mguu. Barafu aliwasikiliza wajomba wote kwa heshima, akashukuru, na kuendelea kula.

Tatizo lake halisi lilikuwa moja. Watu wengine sukari ikishuka hutetemeka, wengine husinzia, wengine hutokwa jasho. Yeye hayo yote yalimpata, lakini baadaye. Kwanza alibisha. Alibisha juu ya siku ya wiki, juu ya jina la jirani, juu ya mlango kama unafungukia ndani au nje. Siku moja mkewe alimkuta jikoni akigombana na friji ya mteja, anaiambia kwamba yeye hadanganyiki, anajua kabisa imewashwa, na waya wake ulikuwa umelala sakafuni mbele ya macho yao wote wawili. Na jambo alilolibishia kuliko yote ni kwamba sukari yake imeshuka.

Kwa hiyo mkewe alishaacha kumuuliza kama yuko salama. Akimwona anakunja uso bila sababu, humuuliza taratibu kama anakubali kwamba jua linachomoza mashariki. Akijibu ndiyo, anamwacha. Akisema inategemea, anakwenda kuleta juisi.

Sasa mtu wa namna hiyo akiwa refa, nani atajua? Hapo ndipo shida ilipojificha. Ubishi ambao mahali pengine ungekuwa dalili, uwanjani ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ligi hakuiambia kwa sababu aliogopa wangemvua filimbi, na filimbi aliipenda. Kwa hiyo kwa miaka tisa mkewe alikuja naye kila Jumamosi, akakaa kwenye benchi lake kando ya mstari na nguo ya mtu mapajani, anashona pindo, na kwenye kikapu ana chupa ya juisi, biskuti na mashine ya akiba. Wachezaji walidhani ni mapenzi. Walikuwa wanamtolea mfano kwa wake zao.

Jumamosi yenyewe waokaji mikate walikuwa wanacheza na mafundi gereji. Mchana Barafu alikaa mezani mbele ya sahani iliyojaa, akaipima kwa jicho, akajidunga insulini ya sahani nzima. Alikuwa amepeleka vijiko vitatu mdomoni simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa muuza nyama wa sokoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa: friza limezimika na ndani yake kuna ng'ombe mzima, na nje kuna joto la kukaanga mayai barabarani. Barafu akaruka. Mkewe alipiga kelele nyuma yake kuhusu sahani; akajibu kwamba atarudi sasa hivi, na hakurudi.

Friza lile lilikuwa kubwa kama jeneza la tajiri. Alilisukuma, akalivuta, akalala chini yake, akainuka. Lilipoanza kunguruma muuza nyama alimkumbatia na kumpa soda, akanywa nusu akitazama saa. Kwenye gari lake la kazi akavua ovaroli, akavaa jezi ya refa, akatoboa kidole. Mashine ikasema sita na nukta. Namba nzuri. Ilikuwa nzuri kama mtu anavyoonekana vizuri akipita dirishani anapoanguka kutoka ghorofani, lakini kwamba anaanguka mashine haisemi, inasema tu amepita. Siku ya mechi kwa kawaida alipunguza sindano ya mchana na kuongeza kitu tumboni. Siku hiyo alifanya kinyume chake chote, na zile peremende za glukosi anazoweka mfukoni pamoja na kadi zilibaki kwenye ovaroli.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Waokaji walipata bao, gereji wakasawazisha, na mapumzikoni Barafu alisimama katikati ya uwanja kama nguzo, hakwenda hata kuonana na mkewe, aliyekuwa amekuja peke yake na kikapu chake, kwa kuwa kuna mchezaji aliyemfuata kumlalamikia na yeye hakuwahi kuacha malalamiko bila jibu.

Kipindi cha pili ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, lakini polepole, kiasi kwamba kila mtu alipata maelezo yake. Alitoa kona wakati mpira umetoka pembeni katikati ya uwanja. Waokaji wakashangilia, gereji wakasema amehongwa. Akampa kocha wa waokaji kadi ya njano kwa kusimama na mikono nyuma, kwamba huo ni usimamaji wa dharau. Gereji wakashangilia, waokaji wakasema kumbe amehongwa na wale. Akausimamisha mchezo, akaupigia magoti mpira na kuukagua kwa muda mrefu. Mashabiki walisema leo Barafu yuko makini. Halafu akamwendea kipa wa waokaji, jitu la watu lenye mikono kama makoleo ya tanuri, akamwambia goli lake limewekwa upande usio sahihi na alisogeze.

Kipa aliligeukia goli, akalitazama, akamtazama refa. Akauliza kwa adabu alisogeze wapi.

"Hiyo siyo kazi yangu," Barafu akamwambia.

Mkewe alikuwa ameinamia pindo. Kilichomfanya ainue kichwa ni ukimya, maana kipa yule hanyamazi. Akamwona mumewe anatembea kurudi katikati, miguu inakanyaga kama ya mtu anayeshuka ngazi ambazo hazipo, na mgongo wa jezi umelowa kupita wa washambuliaji. Akachoma sindano yake kwenye kitambaa, akachukua chupa, akavuka mstari.

Uwanja mzima ukamwona mama wa watu, na futi ya kushonea shingoni, anakatiza katikati ya mchezo. Barafu naye akamwona. Alijua kwamba anamfahamu kutoka mahali fulani, lakini hilo halikubadilisha sheria. Akapuliza filimbi.

"Toka nje," akasema.

"Baba watoto, kunywa hii kwanza."

"Hujaandikwa kwenye timu yoyote. Toka."

"Jua linachomoza wapi?" akamuuliza.

Barafu akafikiri. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Akasema swali hilo litajibiwa na kamati. Kisha akatia mkono mfukoni, akapapasa, na mbele ya waokaji, gereji, washika vibendera na mashabiki wote akamwinulia mkewe kadi nyekundu.

Watu waliangua kicheko kilichosikika mpaka sokoni. Kuna shabiki aliyekaa chini akishika mbavu. Mkewe peke yake ndiye hakucheka, kwa sababu aliiona mikono inavyotetemeka na alijua umebaki muda mdogo. Kumlazimisha asingeweza, alishajaribu siku moja jikoni, na alichoambulia ni juisi ya ukutani. Akamgeukia kipa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe ni mgonjwa wa kisukari, sukari imemshukia, asicheke, bali amwombe refa mapumziko ya maji.

Kipa hakuelewa yote lakini alielewa sauti. Akasogea, akaweka mikono nyuma, akakumbuka kadi ya kocha wake, akairudisha mikono mbele.

"Refa, tunaomba mapumziko ya maji. Kwa ajili ya joto. Na refa anakunywa wa kwanza."

Barafu aliyapekua mawazo yake akitafuta kosa kwenye ombi hilo. Hakuliona. "Hayo yapo kwenye sheria," akasema, akapokea chupa, akanywa kwa sababu ni sheria.

Alipomaliza walimketisha. Mkewe akamtoboa kidole, na namba iliyotoka hakuisema kwa sauti. Akamwongezea iliyobaki kwenye chupa, wakangoja, na wachezaji wote wakakaa kwenye nyasi kuwazunguka bila kuambiwa. Robo saa haijatimia, macho ya Barafu yakaanza kurudi mahali pake. Kwanza aliviona viatu vyao, halafu nyuso zao. Halafu akaona alichoshika mkononi.

"Nimempa nani?" akauliza.

 Wote, jezi nyeupe na jezi za buluu, walimtazama mkewe, ambaye alikuwa anamfungulia biskuti.

Mshika kibendera mmoja akachukua filimbi na kumaliza mchezo, ukaisha sare. Barafu alitazama dakika za mwisho akiwa kwenye benchi la mkewe, na nguo ya mtu mapajani.

Jioni nyumbani alijaribu kila njia. Aliomba radhi mlangoni, akaomba radhi jikoni, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Akamwambia kesho atakwenda kwa mwenyekiti wa ligi kumwambia kadi ile haihesabiki. Mkewe alikuwa anakata kitambaa na hakuinua macho. Akamkumbusha kwamba Barafu huwa hafuti kadi. Amelisikia hilo kwenye harusi mbili na msibani.

"Kadi nyekundu ni kufungiwa mechi mbili," akasema. "Nitakaa nyumbani mechi zangu mbili."

"Mke wangu, hiyo ilikuwa sukari."

"Najua ilikuwa sukari." Akaweka mkasi chini. "Miaka tisa nakuja uwanjani, sijawahi kuuona mpira. Natazama miguu yako. Ukiulizwa nani amefunga unajua, mimi najua umekanyagaje. Nimechoka, baba. Sijachoka na wewe, nimechoka kuwa mtu wa pekee anayejua."

Barafu hakuwa na la kubisha, na sukari yake ilikuwa nzuri kabisa.

Usiku hakulala vizuri. Kilichomkera si kicheko cha watu. Alishachekwa akiwa darasa la sita bila kaptula. Kilichomkera ni kwamba alikuwa amejigamba miaka yote kuwa anaumudu ugonjwa wake, kumbe nusu ya kuumudu ilikuwa imekaa kwenye benchi na kikapu. Jumatatu akaenda kwa mwenyekiti, mzee mmoja mwenye duka la rangi, akamweleza kila kitu kuanzia kiu ya utotoni. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hata yeye alikuwa na mjomba, na Barafu akajiandaa kusikia habari za mguu. Lakini mjomba huyu aliishi nao mpaka uzeeni na alikufa akiwa anadai hajashindwa karata. Kuhusu filimbi, mzee akasema abaki nayo, mradi kila anayeingia uwanjani ajue cha kufanya.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, kabla ya kurusha sarafu, Barafu aliwaita manahodha wawili na washika vibendera. Akawaonyesha juisi ilipo na mashine ilipo. Akawaambia atapima kabla ya mchezo na mapumzikoni, chini ya kiwango fulani hapulizi filimbi, na kwamba wakimwona anaanza kubishana bila sababu wamsimamishe, wampe juisi, na akigoma waombe mapumziko ya maji.

Nahodha wa mafundi gereji akakuna kichwa. "Sasa Refa, samahani. Siku zote unabishana bila sababu. Tutajuaje?"

Ilikuwa hoja. Wakaijadili wakiwa wamesimama pale katikati, na wakaafikiana kwamba mtu yeyote mwenye wasiwasi wa kweli aseme, naye atapima.

Alichosahau ni kwamba mchezaji mpira akipewa mlango haulizi ni wa nani. Dakika za mwanzo tu akatoa faulo, na timu nzima ikapaza sauti kwamba sukari hiyo, sukari hiyo. Barafu akatoa mashine mfukoni, akatoboa kidole mbele yao, akaisoma namba, akamwonyesha nahodha, akamwonyesha na kipa aliyekuja mbio kutoka golini kwake. Nane kasoro. Faulo ikabaki faulo. Penalti nayo ikapimwa. Mashabiki wakapata mchezo ndani ya mchezo, wakawa wanabashiri namba kabla haijatoka, na ikitoka nzuri wanapiga makofi kama bao. Kufikia mapumziko Barafu alikuwa ametoboa vidole vinne na kuishiwa vijiti vya kupimia damu. Akawakusanya akawaambia vijiti haviokotwi, na kuanzia kipindi cha pili atakayemsingizia sukari atakwenda nje. Wakaona ni haki. Kelele zikapungua, ingawa hazikuisha.

Ila mechi ya pili ya kifungo cha mkewe, mshika kibendera mmoja, bwana mpole anayeuza vitabu, alimfuata na kumwambia kwa kunong'ona kwamba amempa mtu yuleyule kadi ya njano mara mbili na hajamtoa, na kwamba uso wake una maji. Barafu alifungua mdomo kubisha. Alisikia kabisa ubishi unapanda kooni, mtamu, wenye hoja zote. Akaufunga mdomo, akapima, akakuta imeanza kushuka. Akakaa chini kwenye nyasi, akanywa juisi yake, na watu ishirini na wawili wakamsubiri wakipiga soga kuhusu bei ya unga na vipuri.

Mkewe aliporudi hakukaa tena kwenye lile benchi. Alikwenda upande wa mashabiki, bila kikapu wala nguo ya mtu, akajibana kati ya wake wa waokaji, na mmoja wao akamweleza maana ya kuotea kwa kutumia viatu vyao. Alielewa haraka kuliko inavyofaa. Kabla ya nusu saa Barafu akapuliza kukataa bao la waokaji kwa kuotea, na kati ya sauti zote zilizomzomea akaisikia moja anayoijua, ikimwambia hata kipofu angeona kwamba yule beki alikuwa nyuma.

Aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na alikuwa anautazama mpira.

Walirudi nyumbani kwa miguu wakilibishania bao lile njia nzima. Penye taa ya kona walisimama, Barafu akapanga vijiwe chini kumwonyesha mshambuliaji alikuwa wapi, mkewe akavisogeza kumwonyesha alikuwa wapi kweli. Fundi viatu aliyekuwa anafunga kibanda chake akawatazama wee, mwisho akaja kuangalia vile vijiwe. Akasema kwa anavyoona yeye, mama ana haki. Barafu akachuchumaa tena, akaanza kuvipanga upya.